Nilipoandika Mbili Mahali pa Moja

Kamati ya mazishi iliniomba niandike nusu ukurasa kuhusu Mwalimu Barasa, uwekwe katika kile kijitabu cha ratiba, kati ya wasifu wa marehemu na wimbo wa tatu. Niliandika kwamba alifundisha hisabati kwa miaka thelathini na kitu, kwamba alikuwa mpole, kwamba mwaka wa tisini na saba alinipokea nyumbani kwake Buruburu nikiwa mwanafunzi nisiye na pa kukaa. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalosema lolote. Kanisani nilimsikia mzee mmoja nyuma yangu akimnong'onezea mwenzake kwamba marehemu alikuwa na kichwa kweli, shida tu ni kwamba hakumaliza ile digrii yake ya pili, na mwenzake akajibu kwamba wanaoanza ni wengi. Nilitaka kugeuka. Sikugeuka, kwa sababu mtu hageuki kanisani kubishana na wazee, na pia kwa sababu aliyemzuia asiimalize ni mimi. Hilo halikuwemo katika nusu ukurasa.

Sitaeleza nilivyofika kwao. Ni habari ndefu na wengine waliomo wangali hai. Itoshe kwamba chuo kilifungwa mapema mwaka ule, kama kilivyozoea kufungwa miaka ile, nami nikapewa chumba cha nje, nyuma ya jikoni, katika sehemu ya Buruburu iitwayo Phase Three. Nyumba zote za mtaa ule zilijengewa chumba hicho kwa ajili ya mfanyakazi, na karibu kila nyumba ilikuwa imekigeuza kuwa kitu kingine. Kwa jirani wa kushoto kilikuwa saluni. Kwa jirani wa kulia kilikuwa cha kuku. Kwetu kilikuwa na kitanda changu, gunia la mahindi kutoka Bungoma, na juu ya meza ya mbao, chini ya kitambaa cheupe alichokifuma Mama Nanjala, mkewe Mwalimu, kwa mkono wake, kompyuta. Mwalimu aliinunua katika ofisi moja iliyokuwa ikiuza mashine zake zilizochoka. Mama Nanjala aliipa heshima ile ile aliyoipa televisheni: kitambaa, na chombo cha maua ya plastiki juu. Kila tulipotaka kufanya kazi tuliyahamisha maua kwanza, na tukimaliza tuliyarudisha, la sivyo tungeulizwa.

Mwalimu alikuwa mwaka wake wa saba katika digrii ya pili. Alifundisha mchana, akasahihisha madaftari jioni, na kilichobaki cha siku alikipa tasnifu yake. Alikuwa na mfuatano wa namba, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia kwa kiasi cha kutisha, hata ukifika mbali namba moja inajaza ukurasa. Alidai kwamba ukiigawa namba yoyote ya mfuatano huo kwa namba tasa za aina fulani, daima kutabaki kitu. Baki laweza kuwa dogo, laweza kuwa kubwa, lakini haliwi sifuri. Sehemu ya kwanza aliithibitisha kwa kalamu. Sehemu ya pili ilihitaji jedwali la mabaki, na jedwali hilo lisingewezekana bila mashine. Chuo kilikuwa kimemwongezea muda mara mbili, na barua ya tatu ilisema mwisho ni Desemba, baada ya hapo jina lake litaondolewa. Barua hiyo aliiweka ndani ya Biblia. Sidhani aliiweka pale kwa ajili ya maombi. Ndipo mahali pekee ambapo Nanjala, binti yao wa kidato cha tatu, hakuwa akipekua.

Programu tuliyoitaka iliandikwa na walimu wa vyuo vya ng'ambo na kutolewa bure, pamoja na maandishi yake yote ya ndani, ili anayependa aisome, aibadilishe, amgawie mwenzake. Mwalimu alilipenda sana jambo hilo. Alisema hivyo ndivyo hisabati yenyewe ilivyo, hakuna anayekuuzia kujumlisha. Mutiso, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akisoma ng'ambo, alituma disketi kumi na nne katika bahasha nene, nasi tukaziendea posta siku ya Jumamosi kama watu waendao kumpokea mgeni. Siku hiyo tulichinjiwa kuku. Jumapili baada ya kanisa tulianza kuziingiza moja moja, na disketi ya mwisho ilipomalizika mashine ilituambia kwamba programu hii haiwezi kujengwa bila programu nyingine, ndogo, ya kuzidishia namba kubwa. Tulikuwa nayo, toleo la kwanza. Ilitaka la pili.

Leo ungebonyeza mara moja na mashine yenyewe ingeenda kutafuta kila kinachotakiwa. Sisi tulimwandikia Mutiso barua. Toleo la pili lilifika baada ya wiki tano, nalo likasema halitambui kitafsiri chetu, yaani ile programu inayogeuza maandishi ya watu kuwa amri za mashine. Lilitaka kipya zaidi. Barua nyingine. Kitafsiri kipya kilikuja mwezi wa sita, nacho kikataka msingi mpya wa mfumo mzima. Ilikuwa kama kupeleka posa: baba anakwambia umwone mjomba kwanza, na mjomba anakuuliza kama umeshamwona shangazi. Mimi niliweka daftari ambamo niliandika nani anamhitaji nani, kwa mishale, na Mwalimu alilitazama kila jioni akila ugali na mboga ya mrenda, akitikisa kichwa. Mama Nanjala alikuwa akituombea kwenye ushirika wa akina mama wa Alhamisi, ila alichoka kueleza tunaombewa nini, akawa anasema tu, ile kazi ya Baba Nanjala. Nanjala naye aliniambia siku moja akiosha vyombo, kwa Sheng yake ambamo baba ni mbuyu na mtoto ni mtoi, "Hiyo mashine ya mbuyu ni kama mtoi, Adhis. Kila siku inadai kitu." Nilicheka. Baba yake alimsikia kupitia dirishani, naye akacheka pia, lakini si kwa muda mrefu.

Bahasha ya nne haikuja. Tulikwenda posta Jumamosi tatu mfululizo na kukuta sanduku lina bili ya maji. Agosti ikaisha. Mwalimu hakulalamika, naye angelalamika ningepata nafuu. Alichofanya ni kuanza kunishukuru. Alinishukuru kwa chai niliyoteleka, kwa kumfungia lango, kwa kumwashia redio. Nilijua maana yake: alikuwa akijizoeza kukata tamaa kwa adabu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa bora katika darasa langu na nilijua hivyo, na sikuvumilia kuona mtu akishindwa kwa sababu ya posta.

Asubuhi moja, yeye akiwa shuleni, nilisoma maandishi ya programu yenyewe nikaona jinsi inavyokagua. Haikuwa ikipima chochote. Ilifungua faili moja ndani ya ile programu ya kuzidishia, ikasoma namba ya toleo, basi. Nikalifungua faili hilo. Nikafuta moja, nikaandika mbili. Mtu anayebadilisha mwaka wake wa kuzaliwa apate kazi hafanyi zaidi ya hapo. Programu ikasoma mbili, ikaridhika, ikaanza kujijenga, na kufikia saa za chakula cha mchana ilikuwa tayari. Maelezo yake yalishauri kwamba kabla ya kuitumia uendeshe majaribio, yaani maswali ambayo majibu yake yanajulikana, na yakaonya kwamba kwenye mashine ya polepole majaribio huchukua siku nzima. Nikaona siku nzima ni nyingi. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, nami nilikuwa nimeshaiona ilivyo fupi na nikaipenda. Mwalimu aliporudi nilimwambia imekubali. Aliuliza imekubalije, nikamwambia nimepata njia. Alinitazama vile mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi bila hatua, kisha furaha ikamzidi, hakuuliza tena.

Jedwali lilichukua siku nne mchana na usiku. Mama Nanjala aliziba swichi ya ukutani kwa plasta ya jeraha ili mtu asiizime kwa mazoea. Pasi ilipigwa marufuku, kwa kuwa ikiwashwa taa zilififia, na Jumapili ile familia nzima ilikwenda kanisani imekunjamana, Mwalimu akitembea mbele na tai yake kana kwamba ndiyo mitindo. Siku ya tano tulisoma mstari baada ya mstari. Hakuna sifuri. Alipofika mwisho alivua miwani, akaishika mkononi, akasema, "Basi nilikuwa sahihi," kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Nilijivuna kupita kiasi. Nakiri kwamba usingizi wa wiki ile ulikuwa mtamu kuliko wa miaka mingi.

Mama Nanjala alifanya kazi katika ofisi za reli, naye ndiye aliyeichapa tasnifu yote kwa taipureta ya kazini saa za chakula cha mchana, akila mandazi kwa mkono wa kushoto. Jedwali lilikuwa kurasa tisa za tarakimu tupu. Alikataa kusaidiwa, alisema mtu akikusomea namba unachapa sauti yake badala ya namba. Mwanzoni mwa Oktoba nakala tatu zilipelekwa chuoni zikiwa na jalada jeusi, nasi tukala chapati siku ya kazi, jambo lisilokuwa la kawaida katika nyumba ile.

Chuo kilitangaza kufunguliwa Novemba. Nilianza kupanga vitu vyangu, na kwa kuwa sipendi kuacha mahali pachafu, niliamua kuendesha yale majaribio niliyoyaruka, nimwachie Mwalimu mashine iliyokamilika. Niliyaanzisha Alhamisi asubuhi nikaenda kufua. Yale ya mwanzo yalipita. Yalipofika kwenye yale ya kuzidisha, mashine iliandika kwamba jibu silo. Nikarudia, ikaandika hivyo hivyo. Ndipo nikasoma karatasi iliyokuja na toleo la pili, ile ambayo mtu yeyote mwenye akili angeisoma mwanzo. Walioiandika walieleza kwa nini walilitoa: toleo la kwanza, namba zikizidi urefu fulani, mara nyingine lilipoteza tarakimu ya kubeba. Lilikosea bila kusema. Namba za Mwalimu zilizidi urefu huo kuanzia ukurasa wa tatu wa jedwali.

Nilikaa na jambo hilo siku tisa. Nilijiambia kwamba pengine makosa hayakugusa mistari yetu. Nilijiambia kwamba wakaguzi hawawezi kulirudia jedwali, hawana mashine ya ziada wala siku nne. Yote mawili yalikuwa kweli, na hayo ndiyo yaliyoniogopesha. Alhamisi, nikiwa jikoni nachambua sukuma wiki, niliwasikia akina mama wa ushirika sebuleni. Mmoja alikuwa akimwuliza Mama Nanjala kama gauni la sherehe ya kuhitimu atalishona kwa fundi wa Muthurwa au wa hapa hapa, na Mama Nanjala akajibu kwa aibu kwamba kitambaa ameshakinunua, lakini mtu asimwambie Baba Nanjala, hapendi kutangulia. Wakaimba. Mimi niliosha mboga zile mara tatu.

Jumamosi nilimkuta Mwalimu sebuleni akipiga pasi mashati yake ya wiki. Nilisimama mlangoni nikasema kama nilivyokuwa nimepanga, na mpango ukaniponyoka.

"Mwalimu, lile jedwali si la kuaminika. Nilidanganya mashine."

Aliisimamisha pasi. Alisema nieleze, nikaeleza: namba ya toleo, majaribio, tarakimu ya kubeba. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Umejua lini?"

"Siku tisa zilizopita."

Alichomoa waya wa pasi ukutani, akauzungusha taratibu kwenye mpini ingawa pasi ilikuwa bado ya moto. "Mimi nilijua siku ile ile kwamba kuna hatua umeiruka," alisema. "Sikuuliza kwa sababu nililitaka jibu. Kwa hiyo tuko wawili." Sijawahi kupewa msamaha uliouma kama ule.

Mama Nanjala hakunisamehe siku hiyo, na sikutarajia. Alikuwa akichekecha unga, akaniuliza bila kuinua macho kama hao wakaguzi wangejua. Nikamwambia hapana. Aliendelea kuchekecha. Kisha akasema, "Sasa ulisema kwa nini?" Leo ninayo majibu mengi mazuri, ya kutoa mbele ya watu, lakini pale jikoni, mbele ya mwanamke aliyechapa kurasa tisa za tarakimu akila mandazi, sikuwa na hata moja. Akasema nimpitishie sufuria.

Jumatatu Mwalimu alikwenda chuoni kuomba nakala zake zirudishwe. Alituambia jioni kwamba karani alimwuliza mara mbili kama anataka kuzipeleka au kuzichukua, kwa maana kwenye daftari lake hakukuwa na sehemu ya mtu anayechukua. Zilikuwa zimebaki wiki sita na ushei. Safari hii hatukuandika barua. Chuo kilipofunguliwa nilimwendea mhadhiri wetu mmoja aliyekuwa na kompyuta iliyoungwa na mtandao, nikamweleza yote, na kila Ijumaa aliniruhusu kunakili nilichohitaji. Nikalifuata daftari langu la mishale kutoka mwisho kurudi mwanzo: msingi kwanza, kisha kitafsiri, kisha programu ya kuzidisha, toleo la pili la kweli, kisha ile kubwa. Kila hatua tuliiendeshea majaribio yake yote, hata yakila siku mbili, Mwalimu akisoma matokeo kwa sauti nami nikitia alama. Disketi moja iliharibika ikatupotezea wiki. Jedwali lilipoanza, siku ya tatu stima ikapotea mtaa mzima, tukaanza upya. Hatukusemezana sana siku zile. Nanjala peke yake ndiye aliyekuwa akiingia kututania, na tulimshukuru kwa hilo.

Siku mbili kabla ya Krismasi, baada ya chakula cha mchana, lilikamilika. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa vile vile. Kuanzia ya tatu namba zilitofautiana hapa na pale, mabaki mengine, lakini mabaki. Nikaanza kupumua. Katikati ya ukurasa wa saba kidole cha Mwalimu kilisimama. Niliutazama mstari huo. Kulikuwa na namba tasa, na mbele yake, mahali ambapo mistari mingine yote ilikuwa na tarakimu nyingi, kulikuwa na sifuri.

Nilisema labda mashine. Alisema, "Safari hii si mashine," lakini alichukua karatasi. Kuitafuta namba kama ile kungemmaliza mtu maisha. Kuikagua ikishapatikana ni kazi ya kalamu na subira. Alitumia nyuma ya kalenda ya mwaka uliokuwa unaisha. Alianza jua likiwa kwenye gunia la mahindi na akamaliza likiwa kwenye mlango, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, na chini kabisa akapiga mstari na kuandika sifuri kwa mkono wake. Dai la miaka saba lilikuwa si kweli. Sura mbili zilianguka nalo, na siku zilizobaki zisingetosha kuandika hata ukurasa wa kwanza wa nyingine. Nilianza kulia. Yeye aliniambia niache, kisha akaita kuelekea jikoni.

"Mama Nanjala, njoo uone mahali nilipokosea."

Alikuja akijipangusa mikono kwenye leso. Alisimama nyuma ya kiti chake akaitazama ile kalenda, iliyojaa kutoka juu hadi chini.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Na sasa hakuna muda."

"Hakuna."

Mama Nanjala aliisogeza ndoo niliyokuwa nikiikalia kila siku, akaipindua, akaketi karibu naye. "Nimeichapa yote," alisema. "Koma, nukta, kila kitu. Na hakuna aliyewahi kuniambia inasema nini." Haikuwa lawama, alikuwa anataka kujua. Mwalimu alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo kwa miaka saba hakuna aliyemwuliza, wala wasimamizi wake, wala mimi. Akageuza karatasi safi, akaandika namba tatu za mwanzo za mfuatano wake, kubwa, zilizosimama vizuri, kama anavyoandika ubaoni, akaanza kumweleza mkewe tangu mwanzo.